Usikope pesa za chama kununua faundesheni

Jumatano usiku nilikuwa naosha brashi kwenye beseni ujumbe ulipoingia. Msichana wa Bondo, amemaliza kozi ya urembo juzi tu, na mwezi ujao anampamba bibi harusi wake wa kwanza. Mwenzake waliyesoma pamoja amemwambia asithubutu kutokea mbele ya wakwe za watu na mekapu ya supermaketi. Chama cha mamake, kile kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, kiko tayari kumkopesha shilingi 35,000 anunue vya bei, vyote kwa mkupuo. Akamaliza hivi: "Dada, nikienda na hivi vyangu si nitaaibika?"

Nilikausha mikono, nikakaa. Kuaibika huko nakujua. Ndiyo maana nimeona nisimjibu kwa mistari miwili, niandike hapa, kwa sababu wengi mnaonisoma mko njia hiyo hiyo. Mnataka kazi ya uso iwe kazi yenu ya kula, na mkitazama masanduku ya wapambaji wa Nairobi kwenye simu mnajiona hamjaanza.

Mwaka 2019 niliitwa Milimani, hapa Kisumu, kumpamba binti siku ya ayie yake, ile sherehe yetu Waluo ya kukubaliana kabla ya harusi. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikatandika taulo jeupe mezani, nikapanga vitu vyangu kama nilivyofundishwa, kuanzia mafuta ya kulainisha hadi poda. Shangazi yake binti akaja, akainua chupa yangu ya faundesheni, ile rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima, kwa vidole viwili, akaigeuza, akaisoma, akairudisha huku amekunja uso. "Hii si ndiyo inakaa pale supermaketi karibu na sabuni?" Chumbani kulikuwa na wanawake saba. Binti alinitazama kupitia kioo, kisha akainamisha macho. Wakanipa nauli, wakampigia mtu mwingine.

Sikuwa nimefungua hata kifuniko. Hawakunipima kwa mkono wangu, walinipima kwa chupa. Nilirudi Kondele kwa tuktuk na sanduku magotini, na hadi leo nikipita barabara ile nahisi kitu kooni.

Wiki iliyofuata nilikopa chamani shilingi 28,000, riba asilimia kumi. Nikanunua praima ya kupaka kabla ya faundesheni, faundesheni ya shilingi 6,500, poda nyeupe ya kukazia, paleti ya rangi za macho na lipstiki mbili zenye vifuniko vizito vya dhahabu. Faundesheni nilichaguliwa na muuzaji chini ya taa za duka. Alinipaka kidogo nyuma ya mkono, akasema inafaa, nami nikaamini kwa sababu bei yenyewe ilikuwa inaniambia nisibishe.

Mteja wa kwanza wa vitu hivyo alikuwa bibi harusi wa Nakuru. Mchana alipendeza sana, kila mtu alisema. Usiku sherehe ikaingia ukumbini na kamera zikaanza kuwaka. Baada ya wiki mbili alinitumia picha moja kwenye simu. Shingo yake ilikuwa ya kahawia kama Mungu alivyomuumba, mabega hivyo hivyo, lakini kuanzia tayani kwenda juu uso ulikuwa wa kijivu, na chini ya macho mweupe kabisa kama aliyepulizwa unga wa ugali. Hakuandika neno, picha tu. Nilimpigia simu mara tatu hakuipokea.

Deni la chama nililipa shilingi 2,800 kila mwezi kwa miezi kumi na moja. Miezi hiyo naipita, haina jipya isipokuwa kwamba nilisuka nywele usiku ili niweze kulipa.

Kilichonisaidia ni kutaka kujua ile picha ilitoka wapi. Rangi ya faundesheni karibu zote hutokana na unga wa aina nne. Kuna titani dioksidi, ambayo ni nyeupe, na kuna oksidi za chuma za njano, nyekundu na nyeusi, ambazo ni jamaa ya kutu, ila hutengenezwa kiwandani. Kiwanda huchanganya hizo nne mpaka kipate rangi ya ngozi. Ile nyeupe ikizidi kwenye chupa ya mtu mweusi, uso unakuwa wa majivu, hata chupa ingekuwa ya shilingi 10,000. Tena faundesheni yangu ilikuwa na kinga ya jua, na kinga ya aina ile hutumia titani dioksidi au zinki oksidi, madini yanayorudisha mwanga. Juu yake nikaweka poda nyeupe ya silika, nayo hurudisha mwanga vilevile. Flashi ilipopiga, mwanga wote ulirudi kwenye kamera. Mchana usingeona lolote. Yaani vitu vya bei ndivyo vilivyoniangusha, na hakuna hata kimoja kilichokuwa feki. Kosa lilikuwa langu la kununua bei badala ya kununua rangi.

Basi tuseme ukweli kuhusu bei. Kule Marekani mekapu ya kawaida huuzwa kwenye maduka ya dawa, rafu moja na dawa ya meno, na ndiyo maana wenzetu huko huiita ya duka la dawa. Kwetu iko supermaketi na kwenye vile vyumba vya vipodozi vya barabara ya Oginga Odinga. Wengi mnadhani iliyoko huko na ile ya kwenye kaunta za vioo zinatoka dunia mbili tofauti. Kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa ilinunua Lancôme, ya kaunta za vioo, mwaka 1964, na mwaka 1996 ikanunua Maybelline, ya rafu za bei nafuu. Mwaka 2013 ikaja hapa kwetu ikanunua Nice & Lovely, ile ile ambayo mama zetu walitupaka kabla ya kwenda shule. Mwenye nyumba ni mmoja, vyumba ndivyo tofauti. Sehemu ya pesa unayolipa kwenye kaunta ni ya chupa ya kioo, ni ya tangazo, na ni ya yule dada aliyevaa nyeusi anayekupaka nyuma ya mkono.

Sisemi vya bei havina maana. Rihanna alipoanzisha Fenty Beauty mwaka 2017 alitoa rangi 40 za faundesheni kwa mara moja, na mwaka 2022 ikaanza kuuzwa Kenya. Kabla ya hapo kuna wateja wangu weusi tii ambao nilikuwa nawachanganyia chupa tatu kiganjani na bado sifiki. Kama rangi yako haipo kwenye rafu ya bei nafuu, lipa. Hapo unalipia rangi, na rangi ndiyo kila kitu. Lakini kama rangi yako ipo kwa shilingi 1,600, hiyo ya 6,500 inakupa nini? Uso wako hausomi lebo.

Maskara, ile rangi ya kope, usiniambie kabisa. Ukishaifungua, kila ukitoa brashi na kuirudisha unaingiza vijidudu, na baada ya miezi mitatu inafaa kutupwa, iwe ya shilingi 400 au 4,000. Nunua ya 400 na utupe bila uchungu. Lipstiki ni nta, mafuta na rangi. Penseli ya nyusi mimi natumia ile ya shilingi hamsini mnayoijua nyote, naichonga, naipasha kidogo nyuma ya mkono iwe laini, na hakuna aliyewahi kuniuliza imetoka wapi. Maybelline yenyewe ilianza Chicago mwaka 1915, na jina lake limetokana na Mabel, dada wa mwanzilishi, aliyekuwa akijipaka kope zake Vaseline iliyochanganywa na unga mweusi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka dani wangu, yaani nyanya yangu, kule Seme, na kikopo chake cha Vaseline, akilaza nyusi zake kwa kidole kabla ya kwenda kanisani.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka jana nilikwenda na mteja kununua faundesheni yake, mama wa makamo, ngozi ya kahawia yenye wekundu ndani. Muuzaji akatuonyesha chupa tatu zinazokaribiana. Nikamchorea mama mistari mitatu tayani, ikishuka kidogo shingoni, nikamwambia tutoke nje. Muuzaji akakataa, eti tutakimbia. Nikamwachia kitambulisho changu. Tukasimama kibarazani penye mwanga, dakika kumi kamili kwa saa yangu, watu wakipita wakimtazama mama na mistari yake. Mstari wa kwanza ulibaki na wekundu wa matofali. Wa pili, ule ambao ndani ya duka sote tuliupenda, uligeuka ukawa wa chungwa, kwa sababu kuna faundesheni zinazobadilika zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Wa tatu nilipoutafuta sikuuona. Nilimgusa shavu kuhakikisha kama upo. Huo ndio tulionunua, na ndio uliokuwa rahisi kuliko yote mitatu. Kisha tukaingia kwenye ngazi penye giza nikampiga picha kwa flashi ya simu, uso na shingo vikatoka sawa.

Mwangani. Si chini ya taa za duka, si nyuma ya mkono. Mkono wako hauendi harusini, uso ndio unaokwenda. Nimeandika hili mara ngapi humu? Na bado kila wiki naletewa mtu ana uso wa mtu mwingine juu ya shingo yake.

Cha kuogopa zaidi ni feki. Chupa ya shilingi 7,000 ukiuziwa 1,200 kwenye mkeka huko Kibuye, jiulize anayekuuzia anakupenda kiasi gani. Tazama maandishi kama yamepinda, tazama kama namba ya boksi ni sawa na ya chupa, na tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Tazama pia kile kichoro cha kikopo kilichofunguliwa, chenye 6M au 12M ndani yake, kinachokuambia idadi ya miezi ya kutumia ukishafungua. Na krimu zozote za kung'arisha zisizosema zina nini msinitajie. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Kenya, lakini wauzaji wapo na wanunuzi wapo. Nimepokea wateja wenye mashavu yaliyochunika, na hakuna faundesheni ya bei yoyote inayokaa juu ya ngozi iliyoungua.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Dunga. Harusi ya nje, upepo wa ziwa, jua la Kisumu mnalijua. Bibi harusi alikaa kwenye kiti changu saa moja asubuhi. Nikamwosha uso, nikampaka mafuta mepesi, nikamwacha anywe chai mpaka ngozi ikanywa nayo, kisha ndipo nikaanza, tabaka jembamba, nabonyeza kwa sponji bila kusugua, tabaka jingine. Faundesheni ilikuwa ya shilingi 1,650, isiyo na kinga ya jua. Poda 900, ya rangi yake. Maskara 400. Penseli hamsini. Kitu cha bei kilikuwa kimoja tu, konsila, ile ya kufunika madoa na weusi, kwa sababu chini ya macho yake kulikuwa na weusi ambao ile ya rahisi iligeuza kijivu tulipoijaribu wiki mbili kabla. Jioni alilia mamake alipokuwa anasema naye, akacheza, akatoka jasho, akapigwa picha na simu zote za ukoo wake. Saa mbili usiku nilimtazama kwa karibu, nikambonyeza paji la uso kwa tishu mara moja, basi. Picha zimekuja juzi. Uso na shingo ni vya mtu mmoja. Nimeziweka kwenye simu yangu na nimeziangalia kuliko ninavyoweza kuwaambia.

Mama mmoja pale alikuja kuniuliza natumia kampuni gani. Nilimfungulia sanduku lote aone. Sikuficha chupa hata moja.

Dada zangu, acheni kuona haya kwa kitu ambacho hamjakosea. Mteja akidharau chupa yako, mpake nusu ya uso, mpe kioo, mwache aamue. Mimi siku ile ya Milimani ningesema hivyo tu: mama, niruhusu nipake nusu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikujua kwamba naruhusiwa kusema. Wewe unajua sasa. Mkopo wa chama ni wa kuku, ni wa karo, ni wa cherehani. Usiuweke kwenye kitu kitakachokauka kabla hujamaliza kuulipa.

Msichana wa Bondo nimemjibu asichukue zile 35,000. Atumie malipo ya awali ya bibi harusi, shilingi 5,000 zinatosha kwa sasa, na asinunue kitu kabla hatujaonana. Nimemwambia waje wote wawili Kisumu Jumanne, bibi harusi asiwe amejipaka chochote usoni wala shingoni, na wafike kabla ya saa kumi, kwa sababu baada ya hapo jengo la mbele linauzibia mlango wangu mwanga. Aje pia na vile vyake anavyovionea aibu, tuanze kujaribu hivyo. Amesema watapanda matatu ya saa tatu.