Haamini Mungu, tumwachie pesa za chama?

SWALI: Shangazi habari ya siku nyingi. Niko Umoja, na chama yetu tuko wamama kumi na tisa, tunachanga elfu mbili mbili, mmoja anapewa na kiasi kidogo kinabaki cha kukopeshana. Mweka hazina wetu ni mama mtaratibu, hana maneno, shida ni tukifungua mkutano kwa maombi yeye hunyamaza tu. Sasa juzi mmoja wetu akamuuliza wazi wazi na akajibu haamini kuna Mungu, aliacha zamani. Mwenyekiti ameshikilia tumtoe Jumapili tuweke mama mmoja wa ushirika, anasema mtu asiyemwogopa Mungu ataogopa nini akiwa peke yake na pesa zetu. Mimi roho haikubali, maana mwaka jana nilimtumia mchango mara mbili kwa M-Pesa na sikujua, usiku huo huo akanirudishia na gharama ya kutuma akalipa yeye. Lakini mimi pia ni Mkristo na lile swali la mwenyekiti sina jibu lake. Nipige kura namna gani?
Mama wa Umoja

JIBU: Mama, mimi pia ni mtu wa kanisa, nasali na watoto wangu nimewalea hivyo, kwa hivyo haya siyasemi kwa kuichukia dini.

Swali la mwenyekiti ni la maana na ni la zamani sana. Mwaka 1689 John Locke, Mwingereza aliyetetea watu wa dini tofauti waachwe waabudu wapendavyo, aliwatoa nje wasioamini Mungu, akisema ahadi na viapo haviwezi kumshika mtu kama huyo. Ni yale yale ya mwenyekiti wenu. Na wazo hilo lilikaa, mpaka 1880 Charles Bradlaugh, mtu asiyeamini Mungu, akachaguliwa bunge la Uingereza, akaomba atoe tamko tu badala ya kuapa kwa Mungu, wakamkatalia, watu wake wa Northampton wakamchagua tena na tena na alikuja kukaa kwenye kiti 1886. Mwaka 1888 ndio sheria ikaruhusu asiye na imani atoe tamko. Hata hapa Kenya shahidi anaweza kutoa tamko bila kushika Biblia wala Kurani na korti inalipokea neno lake kwenye kesi inayoweza kumfunga mtu maisha. Sasa ikiwa jaji anaweza kulisikiliza neno la mtu huyo, sisi tunakataaje kumwachia daftari la michango?

Lakini najua mwenyekiti atasema hayo ni mambo ya korti, yeye anauliza nini kinamshika akiwa peke yake. Basi mpigie kabla ya Jumapili umweleze ile ya M-Pesa, kwa sababu hapo ndipo huyo mama alikuwa peke yake kabisa, simu mkononi, pesa imeingia na mwenye pesa hajui. Angenyamaza ungejuaje? Kilichomshika siwezi kukisema kwa niaba yake, muulizeni kwa upole. Labda ni malezi, labda anajua vile wewe hutafuta hiyo elfu mbili, labda hataki kuwa mtu wa namna hiyo. Hizo ni sababu za kweli jamani, na hata sisi waumini tunazitumia kila siku, nani kati yetu akimuona mtoto wa jirani anaelekea kwa mtaro uliofurika anakumbuka kwanza aya? Unaruka tu unamshika.

Na tukisema imani peke yake ndiyo kufuli, tuangalie nyumbani kwetu. Sensa ya 2019 ilionyesha Wakristo ni kama asilimia 85 ya Wakenya na Waislamu karibu 11, wasio na dini hawafiki asilimia 2, lakini kwa orodha ya ufisadi ya shirika la Transparency International ya 2024, ambapo alama nyingi maana yake ufisadi ni kidogo, tulipata alama 32 kwa 100 wakati Denmark, ambako Jumapili makanisa mengi hayajai, walipata 90. Sisemi dini ndiyo inaleta wizi, hapana. Nasema wanaokula pesa za umma hapa wengi wao wanajua nyimbo zote za ibada, na kumjua Mungu kwa mdomo hakukuwazuia.

Dini inatupa kitu kikubwa na sitaki mtu akudanganye hakipo. Nimeona watu wameacha pombe kwa sababu ya imani, nimeona wamama wanaenda kumuogesha mgonjwa ambaye si ndugu yao, wiki baada ya wiki, na ukiwauliza wanasema ni Bwana. Ninachokataa ni kusema wema wote unatoka huko tu, na hata Paulo hakusema hivyo. Msomeeni mwenyekiti Warumi 2:14 na 15, kuhusu mataifa wasio na torati wanaofanya yaliyo ya torati kwa sababu imeandikwa mioyoni mwao. Halafu Luka 10, kuhani na Mlawi walipita kando na aliyesimama akafunga majeraha ni Msamaria, mtu ambaye Wayahudi walihesabu imani yake imepotoka.

Kwa hivyo kura yangu ningempa, abaki. Maombi endeleeni nayo kama kawaida na yeye anyamaze kama kawaida, msimlazimishe kuomba kwa sauti ili apimwe, Katiba yetu ya 2010 ibara ya 32 inasema mtu asilazimishwe kufanya kitendo kilicho kinyume na imani yake.

Ila kuna kitu kwa barua yako kimenitia wasiwasi kuliko hiyo imani yake, naona pesa zote zinaingia kwa simu ya mtu mmoja! Hiyo badilisheni hata kama mtamchagua mke wa pasta. Fungueni akaunti ya kikundi, watia sahihi wawe watatu, pesa isitoke mpaka wawili kati yao wakubali, na kila mwezi stetimenti iprintiwe, isomwe kwa sauti mkutanoni na mtu mwingine asiye mweka hazina, mwenye mkopo na mwenye faini wote wasikie.