Uliza Ujibiwe: Nyaraka zinapompoteza wakala wa akili mnemba

SWALI: Nina duka la uchapaji. Kadi na mabango tunatengeneza kwa Inkscape, programu ya kuchora, na sasa nimeweka wakala wa akili mnemba (programu inayotekeleza kazi yenyewe) afanye kazi za kurudiarudia, hasa kugeuza maandishi kuwa michoro ili fonti zisipotee mashineni. Kila mara anaandika amri ambazo programu inazikataa. Mbovu ni wakala au ni nyaraka, yaani miongozo ya programu? Nitapimaje? — *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Yaelekea umekutana na kitu kama `--verb=EditSelectAll --verb=ObjectToPath`. Enzi za toleo la 0.92 la Inkscape amri hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Toleo la 1.0 la mwaka 2020 likaleta njia mpya ya kuamuru, `--actions`, na 1.2 la mwaka 2022 likaziondoa amri zote za aina ya `--verb`. Lakini mafunzo ya zamani bado yamejaa mtandaoni, na wakala ameyasoma kwa wingi kuliko yale mapya. Kwa kazi yako, siku hizi inatosha kuandika hivi:

`inkscape kadi.svg --export-text-to-path --export-filename=kadi.pdf`

Kupima nyaraka kunataka mizunguko miwili. Chagua kazi kumi za kweli za dukani, si za mfano. Mzunguko wa kwanza wakala azifanye bila nyaraka yoyote wala intaneti, ili uone anachokumbuka tu. Wa pili mpe kurasa za mwongozo wa toleo ulilonalo (`inkscape --version` itakuonyesha), pamoja na orodha inayotolewa na programu yenyewe ukiandika `inkscape --action-list`. Kila kazi irudiwe mara tatu, kwa kuwa wakala huyohuyo akiulizwa jambo lilelile hajibu sawa kila mara. Tofauti kati ya mizunguko hiyo miwili ndiyo thamani ya nyaraka. Kazi ikifaulu pande zote mbili, nyaraka hazikuchangia chochote, hata ziwe zimepambwa vipi. Ikifeli mzunguko wa pili peke yake, kuna ukurasa unaopotosha. Utafute, aghalabu ni mfano wa toleo la zamani ulioachwa humo.

Usimwulize wakala kama amefaulu. Atakuambia ndiyo. Kagua faili: amri ya `pdffonts kadi.pdf`, inayoorodhesha fonti zilizomo kwenye PDF, ikitoa jedwali tupu, maandishi yamegeuka kweli. Ikitaja jina la fonti, bado. `pdfinfo` itakupa ukubwa wa ukurasa kwa pointi, kizio cha wachapaji, na A5 inapaswa kusoma takriban 419.5 kwa 595.3. Hapo ndipo makosa ya vipimo yanapojificha: Inkscape ilitoka pikseli 90 kwa inchi ikaenda 96 ilipofika 0.92, kwa hiyo faili la kale likifunguliwa bila marekebisho hupungua kwa zaidi ya asilimia 6. Mwongozo usiotaja kizio karibu na kila namba uupunguzie alama bila huruma.

SWALI: Muuzaji wa programu moja ya usanifu anajinadi kuwa nyaraka zake "ziko tayari kwa mawakala" kwa sababu ana faili la llms.txt na seva ya MCP. Nimwamini? — *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Hayo ni mabomba tu, maji yanayopita humo ndiyo ya kukagua. llms.txt, pendekezo la Jeremy Howard la mwaka 2024, ni ukurasa wa maandishi unaomwelekeza wakala kwenye kurasa muhimu. MCP, iliyotolewa na Anthropic mwaka huohuo, ni njia ya kumuunganisha na programu. Hakuna kati ya hizo inayohakikisha kwamba maelezo ni sahihi.

Fungua maelezo ya kifaa kimoja cha seva hiyo (amri ambayo wakala anaweza kuiita) usome kama mgeni. Figma, programu ya usanifu, ni kipimo kizuri: nyaraka zake zinasema wazi kuwa kila sehemu ya rangi (nyekundu, kijani, bluu) huandikwa kwa namba kati ya 0 na 1. Sentensi hiyo fupi inaokoa kazi nyingi, kwani wakala aliyezoea 0 hadi 255 angeandika 204 mahali pa 0.8. Vilevile zinasema kuwa programu-jalizi (programu ndogo inayoongezwa ndani ya Figma) sharti ipakie fonti kwa `loadFontAsync` kabla ya kubadilisha maandishi. Mwulize muuzaji wako mambo ya aina hiyo: namba zinaanzia wapi na kuishia wapi, kipi kitangulie kipi, na ujumbe wa hitilafu unasemaje. Ujumbe wa "imeshindikana" bila sababu humfanya wakala ajaribu kilekile tena na tena, na bili inakua.

SWALI: Wakala anatoa picha kwa Blender, programu ya picha za 3D, anasema amemaliza, lakini folda niliyomwagiza ni tupu. — *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Mpangilio wa amri. Blender hutekeleza chaguo kwa kufuata zilivyoandikwa, hivyo `-o` (mahali pa kuhifadhi) ikija baada ya `-a` (toa fremu zote), picha zimeshatoka na ziko kwenye njia iliyohifadhiwa ndani ya faili la .blend, zitafute huko. Mwongozo unalieleza jambo hili, ila wakala aliyepewa jedwali la chaguo peke yake hawezi kuliona. Mwekee mfano kamili katika maagizo yake:

`blender -b jengo.blend -o //picha/fremu_#### -F PNG -a`