Maadili yakimomonyoka, yanajaza bonde gani?

SWALI: Mwanangu ameandika katika insha, "Kilima kimemomonyoka na bonde limejaa." Mwalimu amekata, akaandika "kimemomonyolewa". Nani kakosea? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Mtoto hajakosea. Momonyoka ni ndugu wa bomoka na ng'oka: mtenda hatajwi. Akitajwa, ndipo husemwa "kimemomonyolewa na mvua". Kitenzi hicho ndicho kilichozaa mmomonyoko, kama lipuka ilivyozaa mlipuko. M ya kwanza ni ya ngeli, ya pili ni ya mzizi. Anayeandika "momonyoko" amekula herufi.

Ila mtoto huyu ametaja jambo ambalo mabingwa wa "mmomonyoko wa maadili" wamelisahau: bonde limejaa. Udongo unaomomonyoka haupotei. Matone ya mvua hupasua mabonge, maji hubeba chembe, na mteremko ukipungua maji hupoteza kasi na kutua mzigo, mchanga kwanza, udongo wa mfinyanzi mwisho. Juu panashuka, chini panapanda. Kondoa mnalijua hilo: ardhi ililika makorongo hadi mifugo ikaondolewa mwaka 1979, na mchanga wake umetanda mabondeni.

Wakulima wa Machakos, Kenya, wameitumia kazi hiyohiyo kwa fanya juu. Mtaro wa kina cha sentimita 60 na upana kama huo huchimbwa kukingama mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu kuwa tuta. Kila msimu udongo unaoteremka hunaswa na tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba lililoinama huwa ngazi za tambarare. Tuta lisipofuata kontua, yaani mstari wa kimo kilekile, maji hukusanyika pale lilipoinama, hulivunja, na korongo huanzia hapo.

Sasa niambiwe: maadili yanajaza bonde gani? Neno lenye chembe, mteremko na muda limefanywa kibwagizo cha hotuba, mpaka tunasikia "mmomonyoko wa ghafla". Mmomonyoko hubeba chembe kwa chembe. Mlima ukikatika kwa mkupuo, hayo ni maporomoko. Kilichoshuka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023 kilikuwa maporomoko ya tope. Maadili na yaharibike, yapotoke, yaporomoke; vitenzi vipo tele. Najua usemi huo umeota mizizi, na sitauweza. Hiyo "ghafla" ndiyo siikubali hata kidogo.

Mtoto arudishiwe alama yake.