Maswali ya walimu wa tuisheni: Kuketi kwenye kipindi cha mwenzako

Nimeruhusiwa kumwangalia mwenzangu akifundisha Kiingereza kidato cha kwanza. Niandike nini? (Morogoro)

Usihangaike kunakili anayosema mwalimu. Hayo yamo kwenye andalio lake la somo. Kaa ubavuni, pale unapoona nyuso na madaftari. Mchague mwanafunzi mmoja asiyenyoosha mkono, umfuatilie kipindi kizima. Gawa ukurasa: kushoto andika alichofanya mwalimu, kulia alichofanya mwanafunzi huyo wakati huohuo. Kulia kukibaki kutupu kwa muda mrefu, umeona jambo ambalo mwalimu aliye ubaoni si rahisi kuliona.

Mwenzangu akishauliza swali hunyamaza mpaka mimi naona aibu kwa niaba yake. Amekwama? (Tanga)

Hajakwama, mwalimu. Anawapa nafasi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu. Wakisubiri 3 au zaidi, majibu hurefuka, na wanafunzi wazito wa kusema huanza kuchangia.

Kwetu Tanzania jambo hili lina uzito zaidi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hulisikia swali, hulitafsiri kichwani, hutafuta jibu, ndipo alitafutie maneno ya Kiingereza. Mtazame midomo: mara nyingi hucheza kabla sauti haijatoka. Ukimtaja mwingine wakati huo, umemnyang'anya sentensi aliyokwisha kuifikisha nusu. Inaniuma kila ninapoliona hilo.

Mwanafunzi alisema "Yesterday I go to the market." Mwalimu akasema "Yesterday you…?" akaishia hapo. Kwa nini asimpe jibu? (Mwanza)

Ili alitoe mwenyewe. Angemjibu "Oh, you went to the market," mtoto angedhani amepatia, aitikie "Yes" na kuendelea. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya watoto wanaofundishwa kwa Kifaransa nchini Kanada. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1997, kurudia sentensi ikiwa imeshanyooshwa ndiyo njia walimu waliyoitumia zaidi, lakini ndiyo iliyowasukuma wanafunzi kujirekebisha kwa nadra zaidi. Kwa hiyo sikiliza: neno "went" limetoka kinywani mwa nani? Na mtoto akikwama kabisa, tazama kama mwenzako anampa mawili achague: "go" au "went"?

Mwenzangu alichanganya Kiingereza na Kiswahili. Ni kosa? (Dodoma)

Si kosa, kama ni sentensi moja ya kuondoa utata, kisha wanafunzi wakarudi kusema Kiingereza. Akitafsiri kila anachosema, watangoja tafsiri.

Nimweleze kasoro zake? (Iringa)

Usianze na kasoro. Msomee ulichoandika kuhusu mwanafunzi yule, bila kutia maoni yako, kisha umwache aseme yeye. Na mwalike naye aje kwenye kipindi chako, tena mapema, kabla hujapata muda wa kukipamba.