Nyimbo nilizolipia zinagoma kwenye kompyuta mpya

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilipokuwa nasoma Uingereza, mwaka 2005 hadi 2008, nilinunua nyimbo nyingi iTunes, duka la muziki la Apple mtandaoni, hasa rumba. Sasa nipo Tanga, nimepata laptopu nyingine na kuzihamishia humo. Baadhi zinapiga. Nyingine zinadai idhini, na nikiweka nywila naambiwa kompyuta tano zimeshaidhinishwa. Sina hata moja kati ya hizo: moja iliungua, mbili niliuza, zilizobaki zilikuwa za kaka. Je, pesa yangu ndiyo imekwenda?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Haijaenda. Tazama kwanza majina ya mafaili. Yanayoishia na m4a hayana kufuli, ndiyo hayo yanayopiga. Yanayoishia na m4p yamefungwa kwa FairPlay, kufuli ambalo Apple waliliweka tangu duka lilipofunguliwa Aprili 2003, maana makampuni ya muziki hayakukubali kuuza bila ulinzi. Mwanzoni kikomo cha kompyuta za kuidhinishwa kupiga nyimbo hizo kilikuwa 3, mwaka 2004 kikawa 5. Nyimbo za kampuni ya muziki ya EMI zilianza kuuzwa bila kufuli mwaka 2007, na mwaka 2009 muziki wote wa duka hilo ukafuata. Ila faili lililokwisha kununuliwa halikujifungua lenyewe, ndiyo maana zako zimechanganyika.

Kompyuta ikiungua au ikiuzwa, hesabu haipungui. Ilitakiwa uiondolee idhini ingali hai, na nani hukumbuka hilo? Naliona jambo hili si haki kwa mnunuzi. Aliyenunua kaseti Kariakoo hakuulizwa ana redio ngapi nyumbani.

Fungua iTunes, ingia kwenye maelezo ya akaunti yako. Utakuta idadi ya kompyuta, na kitufe cha kuondoa idhini zote kwa mkupuo. Kinakubali mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo usikibonyeze kwa kujaribu. Kisha idhinisha laptopu mpya. Lazima iwe akaunti ileile uliyonunulia. Kama ilisajiliwa kwa barua pepe ya chuo na barua pepe hiyo imeshafungwa, anza kwa kurudisha akaunti.

Zikishapiga, usiridhike. Kufuli la namna hii hutegemea seva ya muuzaji. Mwaka 2008 Microsoft walitangaza kwamba baada ya Agosti 31 wanunuzi wa MSN Music, duka lao la muziki, hawataweza tena kuidhinisha kompyuta mpya. Watu walilalamika sana, ndipo muda ukasogezwa hadi mwisho wa 2011. Wenye nyimbo walikuwa wamelipa kama wewe.

Kwa hiyo zichome kwenye CD za kawaida za muziki. iTunes yenyewe inaruhusu, orodha moja ya nyimbo hadi mara 7, na CD hiyo haina kufuli. Kama laptopu haina sehemu ya diski, azima kichomeo cha USB. Ukiziingiza tena kwenye kompyuta, usichague MP3. Nyimbo za m4p zilibanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, na ukizibana mara ya pili utasikia sauti imefifia, hasa matoazi na magitaa ya juu. Chagua WAV au Apple Lossless, aina za faili zisizopunguza sauti. Zitakula nafasi kubwa zaidi, lakini sauti itabaki ileile uliyonunua.

Mafaili ya zamani usiyafute. Na siku utakapoiuza hiyo laptopu, iondolee idhini kabla hujamkabidhi mnunuzi.