Cherehani inaruka kwenye fulana: ni lazima ninunue ova loki?

SWALI: Kamwene fundi, na shikamoo. Naandika kutoka Mafinga. Nina cherehani ya kichwa cheusi, ya kukanyaga kwa miguu, na kitenge inashona vizuri tu. Mwezi uliopita nilikusanya fulana kuukuu za nyumbani nikaanza kuzigeuza: gauni la mwanangu wa miaka miwili, na mifuko ya kwendea sokoni. Imenishinda. Mshono unaruka, unashika mara tatu unaacha mara mbili. Shingo ya gauni ilikatika uzi siku ile ile nilipomvalisha. Mfuko nao nilipotia sado moja la viazi ulivutika mpaka ukawa unaburuza chini. Jirani yangu anasema fulana haishonwi bila ova loki, ile mashine ya kushonea na kumalizia kingo, na mimi hela ya ova loki sina. Nifanyeje?

JIBU: Kamwene mwanangu, na marahaba. Hela yako itunze. Cherehani yako ni nzima, na kama ingekuwa mbovu kitenge nacho kingekusumbua. Kinachokusumbua ni kwamba unashona fulana kama unavyoshona kitenge, na hivi ni vitambaa viwili visivyofanana kabisa.

Chukua fulana moja, isogeze dirishani uitazame kwa karibu upande wa nje. Utaona vijistari vidogo vilivyosimama, kila kimoja kama msuko wa nywele. Hivyo ni vitanzi, kitanzi kimepitishwa ndani ya kitanzi kingine, sawa na sweta linalofumwa kwa sindano mbili, ila vya fulana ni vidogo sana. Kitenge hakina vitanzi. Kina nyuzi zilizosimama na nyuzi zilizolala zinapishana, na ndiyo maana ukikivuta hakiendi popote. Fulana ukiivuta kwa upana vitanzi vinatanuka, ukiiachia vinarudi. Ukiivuta kwa urefu inakwenda pia, lakini kidogo. Hapo ndipo matatizo yako yote matatu yalipoanzia.

Tuanze na kuruka. Toa uzi kwenye cherehani, weka kipande cha kitenge, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu uone sindano inavyofanya kazi. Inashuka mpaka mwisho, halafu inaanza kupanda. Ikishapanda kama milimita mbili hivi, kwenye kazi halisi uzi ulio nyuma yake unavimba na kuwa kitanzi kidogo, na ndoano ya chini inapita hapo hapo inakidaka, inakizungusha kwenye bobini, kile kigurudumu chenye uzi wa chini. Mshono mmoja umepatikana. Sasa ondoa kitenge, weka fulana, zungusha tena. Utaona fulana inang'ang'ania sindano na kupanda nayo. Kitambaa kikipanda, uzi nao unapanda, kitanzi hakivimbi, na ndoano inapita patupu. Huko ndiko kuruka. Hakuna tensheni, yaani mkazo wa uzi, utakayokaza ikaponya hilo, na mafundi wengi huharibu siku nzima kwenye tensheni bure.

Dawa yake ni sindano. Sindano ya kitenge ina ncha kali inayochoma uzi wa fulana, inakwama ndani yake, na mara nyingine inaukata kabisa. Ndiyo yale matundu madogo yanayotokea kando ya mshono baada ya kufua mara mbili. Sindano ya fulana ncha yake ni ya mviringo kidogo, inausukuma uzi pembeni na kupita katikati ya vitanzi. Dukani uliza sindano ya kushonea fulana au jezi. Kwenye pakiti tafuta neno «Jersey» au «Ball Point». Namba 11 inafaa fulana nyepesi, namba 14 inafaa zile nzito zenye kola. Muuzaji hakikisha anakupa ya cherehani ya nyumbani, yenye upande mmoja bapa shinani. Ile yenye shina la duara ni ya cherehani za kiwandani, kwako haikai sawa. Kabla hujaitoa ya zamani angalia bapa lilielekea wapi, na mpya uielekeze huko huko. Ukisahau, kumbuka kwamba uzi huingia tunduni kutoka upande wenye mfereji mrefu. Sindano ikigeuzwa, mshono haushiki hata kidogo.

Kwa huko Mafinga, kama hujaipata mara moja, weka sindano mpya nyembamba ya kawaida, tandika karatasi chini ya kitambaa, shona juu yake, kisha chana karatasi utoe. Karatasi inaizuia fulana isifuate sindano wala isiingie kwenye meno, yale ya chini yanayosogeza kitambaa. Tumia karatasi ya daftari. Gazeti lina wino, litakuchafulia fulana nyeupe na hautoki.

Jambo la pili ni namna ya kuishika kazi. Juu kabisa ya ule mguu unaokandamiza kitambaa kuna skrubu. Ilegeze kidogo kushoto, kwa sababu ikikandamiza sana inaisukuma fulana ya juu mbele ya ile ya chini na mshono unatoka na mawimbi. Uzi utumie wa poliesta, juu na kwenye bobini, maana wa pamba unakatika mapema. Urefu wa mshono weka kati ya milimita 2 na 2.5. Wakati wa kushona, shika kitambaa mbele na nyuma ya mguu ukivute kidogo sana kwa mikono yote miwili, huku meno yakiendelea kukisogeza yenyewe. Ukiachia, kitambaa kinarudi na uzi unabaki na akiba ndani ya mshono. Ukivuta kwa nguvu utapata mawimbi yale yale. Kipimo changu ni hiki: nashona kipande cha sentimita 10, nakivuta pembeni ya rula. Kikifika 12 au 13 bila uzi kulia «ta!», naendelea na kazi. Kikikatika, nalegeza tensheni ya juu robo mzunguko na kujaribu upya. Na mawimbi madogo yakitokea yapige pasi yenye mvuke bila kuisukuma, iweke na kuinyanyua tu. Mengi yatatulia.

Na ova loki? Ni mashine nzuri, mshono wake unanyumbulika, na mwenye duka la fulana lazima awe nayo. Lakini kwako wewe ile kazi ya kuzuia kitambaa kisitoke nyuzi haipo, maana fulana ukiikata haichambuki kama kitenge. Ukingo unajikunja tu. Uache hivyo hivyo kwa ndani.

Sasa shingo ya gauni, na hapa mwanangu nataka utulie, kwa sababu hata ova loki isingekuokoa. Pima kichwa cha mtoto kwa futi ya kitambaa, juu ya masikio. Mtoto wa miaka miwili kichwa chake kina mzunguko wa sentimita 47 au 48 hivi. Shingo ya gauni lako, nadhani, uliikata sentimita 35 au 36, kwa sababu hiyo ndiyo inayomkaa vizuri akishavaa. Maana yake kila unapomvalisha unaulazimisha mshono wa sentimita 36 ufike 48, ongezeko la theluthi nzima. Mshono ulionyooka, hata ukivutwa vizuri wakati wa kushona, haufiki huko. Lazima ukatike.

Acha nafasi ya kichwa kupita. Njia rahisi ni kuacha bega moja wazi sentimita 6 kutoka shingoni, ukaweka vifungo viwili vidogo. Kingo mbili za sentimita 6 zinaongeza 12, na 36 ukijumlisha 12 unapata 48 yako. Njia ninayoipenda mimi ni mabega ya kupishana, yale ya nguo za watoto wachanga. Mbele na nyuma ukate kila kimoja kikizidi mstari wa bega kwa sentimita 4. Malizia shingo ya kila kipande peke yake, kisha laza cha nyuma juu ya cha mbele vipishane sentimita 8, na uvibane kwa kushona upande wa mkono tu. Pale shingoni pabaki huru. Kichwa kikipita mabega yanafunguka, kikishatoka yanajifunga. Hakuna kifungo cha mtoto kutia mdomoni.

Ukitaka kuweka ukanda wa shingo, ule wa fulana yenyewe unaobana, ukate mfupi kuliko tundu. Kwa tundu la sentimita 40 kata ukanda wa 34, ongeza 2 za mshono. Ukiukata sawa na tundu, shingo italegea na kusimama kama kikombe.

Kitu kingine kitakachokupunguzia kazi: usikate halafu ukapinda upya. Pindo la chini la fulana limeshashonwa kiwandani kwa mashine ambayo mimi na wewe hatuna. Laza kipande chako cha gauni juu ya fulana ili chini ya gauni paangukie kwenye pindo hilo. Mikono ya mtoto nayo ikate kutoka ncha za mikono ya mtu mzima. Gauni zima utakuwa na mishono ya mabega, ya pembeni na ya mikono, basi. Na kwa baridi ya huko kwenu mwezi wa sita na wa saba, tafuta sweta zito la mikono mirefu: mikono yake miwili ni suruali ya mtoto. Ikate kwapani, ifumue kila mmoja kwa juu kama sentimita 18, iunganishe hapo kutoka mbele mpaka nyuma, tia lastiki kiunoni iliyopungua sentimita 3 kuliko kiuno chake. Kile kibano cha kiganja kinakaa kwenye kifundo cha mguu na upepo hauingii.

Ila chagua kitambaa. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano uziwashe mbali na kazi yako. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Jezi nyingi ni poliesta. Watoto wetu wa nyanda za juu huku wanaota moto, wanakaa karibu na jiko la mkaa kuanzia asubuhi. Pamba nayo huwaka, lakini haiyeyuki ikanata kwenye ngozi. Jezi iwekee kazi ya mfuko, mtoto mshonee pamba.

Nimefika kwenye mfuko, na hili nalijua kwa kuumia. Baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kina mama wa kikundi kimoja hapa Mbeya waliniletea fulana walizovaa kwenye Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, wakataka mifuko 40. Nilishona kwa njia ya haraka: kata mikono, chimba shingo, funga chini, mabega yakawa mishikio. Ilipendeza sana mezani. Baada ya wiki mbili ikaanza kurudi, mmoja baada ya mwingine, mishikio imerefuka kama utumbo. Niliifumua yote 40 na kuishona upya bila kuwadai kitu, na tangu hapo sijashona mfuko wa fulana bila bitana, yaani kitambaa cha ndani.

Siri ni kwamba fulana isibebe mzigo. Mzigo ubebwe na kitambaa kisichovutika. Shona mfuko wa ndani kwa shuka kuukuu, kanga au kitenge ambacho umeshakifua kikanywea, na uufanye mfupi kwa sentimita 2 kuliko ule wa nje. Viazi vinakaa kwenye bitana, bitana inaning'inia kwenye mshikio, na fulana iko nje kama pambo. Mishikio kata kwa kitenge au jinzi, upana wa sentimita 10, ikunje iwe tabaka nne ibaki 2.5, ipige mishono miwili ya urefu. Ikiwa lazima iwe ya fulana, ikate kwa kufuata vile vijistari vilivyosimama, ambako haivutiki sana, na ndani yake upitishe utepe wa shuka. Pale mshikio unapokutana na mfuko shona mraba, kisha katikati ya mraba msalaba, na mshikio ushuke ndani si chini ya sentimita 4.

Chini usiache mfuko bapa. Ukishafunga, shika pembe moja, uukalishe mshono wa pembeni juu ya mshono wa chini ipatikane pembetatu, pima sentimita 5 kutoka nchani na ushone kukatisha. Fanya hivyo pembe zote mbili, nje na bitana, na mfuko utasimama wenyewe ukiuweka sakafuni.

Kama fulana ina maandishi yale mazito yanayoshikika kama mpira, yaache yakae katikati ya mfuko na sindano isipite juu yake, kwa sababu hayanyumbuliki na yatapasuka. Pasi pia usiyaguse nayo moja kwa moja. Geuza ndani nje, au tandika kitambaa.

Gauni lililokatika shingo usilitupe. Fumua mabega yote mawili, na kama huna sentimita 4 za kuzidisha kila upande, unga ukanda kutoka kwenye mabaki ya fulana hiyo hiyo kabla ya kupishanisha. Jaribu kwanza kwa mkono, uzi mrefu wa kushikiza tu, umvalishe mtoto, ndipo uende kwenye cherehani. Ukikwama hapo niandikie tena, na unieleze shingo umeikata sentimita ngapi.