Falsafa na fasihi ya Kiswahili: soma zote mbili, ila uliza kwanza

Mdogo wangu, nimekuelewa: umepata nafasi Chuo Kikuu cha Nairobi, unataka kusoma falsafa pamoja na fasihi ya Kiswahili, na nyumbani wanauliza utakula nini.

Mimi nasema zisome. Euphrase Kezilahabi, mshairi na mwandishi wa riwaya, aliandika tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hapo Nairobi penyewe, mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka aliwahoji wazee wenye hekima vijijini na kuzipima hoja zao kama za mwanafalsafa yeyote. Ukisoma utenzi huku ukiuliza mtunzi anadai nini kuhusu haki au kifo, somo moja linalisha jingine.

Kinachowashtua wengi mwanzoni katika falsafa ni mantiki, yaani kanuni za hoja sahihi: alama na uthibitisho, karibu na hesabu. Fanya mazoezi kila wiki, usingoje mtihani. Insha ya falsafa nayo inataka hoja moja iliyobanwa. Ya fasihi inataka ushahidi kutoka kwenye matini.

Lakini kama nia yako ni ualimu wa sekondari, simama kwanza. TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu Kenya, inataka masomo mawili yanayofundishwa shuleni, na falsafa haimo. Mwone mshauri wa masomo katika idara kabla ya kusajili kozi, umuulize pia kama ratiba zinagongana. Kubadili baadaye kunaweza kukuongezea mwaka mzima na karo yake.